Barua kwa mwanangu: anayelia anaosha vyombo

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Huku sisi wazima, na mimi najihesabu katika hao wazima. Baba yako anakusalimu, dada yako pia, na yule paka aliyekuwa analala kwenye viatu vyako naye bado yupo.

Nakuandikia kwa sababu simu zako zimenichosha. Usikasirike. Unapiga kila jioni, unaniuliza naendeleaje kwa sauti ya msibani, nakujibu, unanyamaza, kisha unaomba kuongea na baba. Mnachoongea nakijua, maana baba yako hajui kunong'ona; anatoka uani na mtaa mzima unapata taarifa yangu. Halafu kuna hili jingine. Tangu majibu ya kile kinyama walichokitoa kwenye titi langu yatoke maabara, kwamba ni saratani, hujaniomba hela hata mara moja. Wewe! Mtu ambaye hata wiki ya kuanza kazi aliniomba nauli. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekwisha kunizika.

Basi ngoja nikusimulie tunavyoishi, ili ukipiga tena tuongee vizuri.

Ya hospitali unayajua mengi, nitapita haraka. Uvimbe ulikuwa umeshakua, kwa hiyo madaktari wa Bugando walianza na kemo, zile dawa kali za saratani za kuchomwa, ili usinyae, ukafuata upasuaji, titi moja likaondolewa, na sasa niko kwenye mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mama yangu mdogo alipougua miaka ile ilibidi apelekwe Ocean Road, Dar es Salaam, akakaa miezi kwenye nyumba ya watu asiowajua, akila chakula asichokizoea. Mimi napanda daladala asubuhi, mchana niko kitandani kwangu nasikia majirani wanagombana. Hiyo nayo ni dawa, ingawa haiandikwi kwenye cheti.

Kilichonishinda mwanzoni si maumivu, ni dagaa. Hebu fikiria: mfanyabiashara wa dagaa, nyumba yake Kirumba, upepo ukitoka soko la samaki la Mwaloni unaingia dirishani bila hodi, halafu dawa zimemharibu pua. Nilikuwa nikisikia harufu tu, natapika. Miaka yote hiyo dagaa wamekusomesha wewe na dada yako, leo wananifukuza chumbani! Kijiko nacho kilikuwa na ladha ya msumari, mpaka muuguzi mmoja akaniambia niache vijiko vya bati nitumie vya mti au vya plastiki, na uji niutie ukwaju. Ilisaidia. Sato sikumgusa kwa muda mrefu. Baba yako alikuwa anaenda kumlia kwa jirani, anarudi amesukutua mdomo, anadhani sijui.

Wenzangu wa Mwaloni ndio nataka uwajue. Hawakuja kuniuliza, "Tukusaidie nini?" Swali hilo ni la upendo lakini ni zito, maana mgonjwa ndiye anayeachiwa kazi ya kufikiri. Wao walikaa wenyewe wakagawana zamu: mmoja anapokea magunia yangu, mwingine anauza, yule mwenye mwandiko mzuri anaandika kwenye daftari. Kila Jumamosi walikuja na hela, daftari na umbea wa wiki nzima, na umbea ndio niliokuwa nausubiri. Nani kamkopa nani, nani kahamia kwa nani, Wakongo wamenunua mzigo wa nani wakaacha wa nani. Tena walikuwa wanaoga kwanza na kubadili nguo kabla ya kuja, kwa ajili ya pua yangu. Mwanangu, ukitaka kujua nani anakupenda, mwangalie anayeoga kwa ajili yako.

Nilijaribu hata kupatanisha biashara na matibabu. Unajua sisi tunafuata mwezi: kukiwa giza wavuvi wanawasha taa huko visiwani, dagaa wanafuata mwanga, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Nikamwambia daktari, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba ingefaa kemo zangu ziangukie mbalamwezi, nisipoteze mzigo. Alinisikiliza bila kucheka, kijana wa watu. Akasema dawa ni kila baada ya siku 21, na hata hizo zinategemea kipimo cha damu, maana chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zikiwa chini inabidi kusubiri. Kumbe na mimi nina giza na mbalamwezi yangu. Wenzangu walipoisikia hiyo wakawa wananiuliza kila wiki, "Leo una dagaa?"

Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu. Pale tunapochomewa wagonjwa tuliiita rozela. "Wewe leo unakunywa rozela au maji?" Muuguzi alinitahadharisha mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili na nisishtuke. Nikaelewa. Aliyesahauliwa kuambiwa ni baba yako. Usiku aliingia chooni baada yangu, na ndoo ya maji ilikuwa tupu, sikuwa nimemwaga. Nikasikia, "Mama watoto! Mama watoto!" Kufumba na kufumbua amevaa suruali, ameita bodaboda wawili, mmoja wake na mmoja wangu, amechukua kadi ya hospitali na akiba yote ya kwenye kopo. Mimi nimekaa kitandani natafuna michembe. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni rozela." Bodaboda walidai hela ya usumbufu, na walilipwa.

Kwenye benchi la kusubiri ndiko nilikopata ndugu wapya. Tunatoka kila upande wa ziwa: Geita, Musoma, Bukoba, Sengerema. Kuna mama mmoja wa Ukerewe anayekuja na meli ya Nansio, akifika anasema hajui alichotapika njiani ni kemo au ni mawimbi, kwa hiyo anavilaumu vyote viwili kwa haki. Yeye alikuwa ametutangulia, na kila jambo alilitaja kabla halijanifika. Alisema nywele zitaanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu, nisizisubiri kwenye mto, ninyoe mwenyewe. Alisema nisukutue maji ya chumvi kabla vidonda vya mdomoni havijaja. Wewe daktari akikuambia unaitikia ndiyo. Mwenzako mwenye kipara akikuambia, unafanya.

Na alikuwepo baba mmoja, mvuvi, mtu mzima, amekaa kimya pembeni. Wote tulidhani amemsindikiza mkewe. Siku moja likaitwa jina la kiume, akasimama yeye. Benchi zima likanyamaza. Akageuka akasema, "Nilikuja kuwasindikiza, nikanogewa." Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia. Baadaye alinieleza kwamba kwake alikaa na kile kivimbe muda mrefu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mwanaume naye ana titi la kuugua. Ni wachache kweli, kati ya wagonjwa mia labda mmoja, lakini wapo. Nakuandikia hili wewe kwa makusudi. Ukioga jipapase kifuani na kwapani, na ukikuta kitu hata kama hakiumi, nenda ukapimwe. Kuhusu dada yako, daktari ameshasema aanze kuchunguzwa mapema, asingoje umri niliougua mimi. Hajafurahi, lakini amekubali.

Wageni, sasa. Nyumba ilijaa. Kuna waliokuja na sukari na sabuni, Mungu awabariki. Kuna waliokuja na majani ya mstafeli, wengine na mizizi isiyo na jina, kila mmoja na shahidi wake aliyepona. Nilipokea vyote kwa mikono miwili, na daktari alikuwa ameshanionya nisichanganye chochote na dawa zake, ini lisije likazidiwa. Mstafeli ulikwenda kwa mbuzi. Kuna mwingine alikaa pale kwenye kochi akanihesabia ndugu zake wote waliokufa kwa saratani, kwa majina na miaka. Na kuna waliolia. Mtu anaingia, ananitazama kilemba, anaangua kilio, nami mgonjwa nanyanyuka kumbembeleza. Siku moja baada ya wageni watatu wa namna hiyo, baba yako alisimama mlangoni akatangaza: "Kuanzia leo, anayelia anaosha vyombo." Alikuwa amekasirika kweli. Lakini mgeni wa nne alikuwa shangazi yako, akalia, akapewa beseni. Akaosha huku analia, kisha huku anacheka, na sufuria zikang'aa. Sheria imebaki. Sasa kuna wanaokuja, wanalia dakika mbili, wanaenda wenyewe uani.

Usidhani kila mzaha niliupokea. Baba yako mdogo, na wewe unajua alivyo, alisema mbele ya watu kwamba sasa kaka yake aoe mwingine mwenye mawili kamili. Ni shemeji yangu, tumetaniana tangu nimeolewa, utani ni haki yake. Lakini jeraha lilikuwa bado na nyuzi. Sikucheka. Baba yako akasema taratibu, "Vyombo viko nje." Na hakuna aliyekuwa amelia. Akaenda. Tangu siku ile nimeona kwamba katika ugonjwa huu mzaha uanzie kwangu kwanza. Nikishaufungua mlango, ingieni wote.

Na kuna siku hapakuwa na mzaha wowote. Usiku mmoja joto lilifika nyuzi 38, na tulishaambiwa kwamba hiyo si ya kungoja asubuhi wala kumeza panadoli, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa mwili hauna askari. Tulikwenda na bajaji. Nililazwa, nikawekewa dripu. Sikumbuki mengi, nakumbuka baba yako ameshika mguu wangu kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Wakati wa ile dawa ya pili vidole vilikufa ganzi hata kifungo nilishindwa, na noti nilikuwa nahesabu mara tatu. Hayo nayo yaandikwe.

Sasa nikupe habari ya jogoo, maana dada yako ameapa kwamba nisipoiandika mimi ataiandika yeye.

Jeraha lilipopona nilianza kuona naegemea upande mmoja nikitembea, na blauzi zote zimekaa vibaya. Mama wa Ukerewe akanifundisha: shona kifuko cha kitambaa laini, jaza mtama, pima uzito wake na wa titi lililobaki, kisha kiweke ndani ya sidiria. Fundi wa pale sokoni alinishonea bila kuniuliza maswali, akapima kwa macho huku anatazama pembeni. Kikatoka vizuri! Nilikwenda nacho kanisani, nikaimba, nikarudi. Tatizo la mtama ni jasho, lazima uanikwe. Nikauanika kwenye kamba, nikaingia ndani kidogo. Kutoka, nakuta jogoo wa yule mama muuza mkaa amekishusha, amekitoboa, anakula kwa utulivu, na amewaita kuku wake wote kwenye karamu. Nilipiga kelele. Muuza mkaa akaja mbio, akauliza wamekula nini, nikamwambia, "Wamekula titi langu." Yule mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Hakuweza hata kuomba msamaha, mbavu zilimshinda, nami zikanishinda, kidonda kinavuta huku na mimi nacheka.

Jioni alimleta jogoo mwenyewe, amemshika mbawa. "Mwizi huyu hapa." Akachinjwa. Ule mchuzi ndio ulikuwa nyama yangu ya kwanza kuipata ladha tangu kemo, nikala paja zima. Baba yako alinitazama nikimaliza akasema, "Basi mali imerudi kwa mwenyewe." Kifuko kipya nimejaza mtama uleule, ila naanika ndani ya chandarua.

Mionzi haiumi, inachosha tu na ngozi inakuwa nyeusi. Wamenichora mistari kifuani kwa wino kama fundi cherehani anayetaka kukata kitambaa, na nimekatazwa kuisugua, kwa hiyo naoga kwa hesabu. Mkono wa upande ule siruhusiwi kubeba ndoo wala gunia, hata presha napimwa mkono wa pili. Kila asubuhi napandisha vidole ukutani ili bega lisikaze. Nimeshafika usawa wa kalenda. Baada ya hapa ni vidonge kila siku, kwa miaka mitano au zaidi.

Likizo yako ya Desemba njoo, usije kunitazama tu. Bati la jikoni linavuja, baba yako amepanda mara mbili na linavuja zaidi. Ukitoka Mbeya leta mchele wa Kyela, kilo ishirini, si kumi. Wenzangu wa Mwaloni nimeshawaahidi pilau, nao wameshanunua nguo.

Ni mimi mama yako