Meza Yangu ya Vallauris Si Meza ya Chai ya Makarani Wenu

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Usafirishaji wa Mizigo na Uwakala wa Forodha,
Dar es Salaam.

YAH: KUHARIBIWA KWA MEZA YA VIGAE KUTOKA VALLAURIS, UFARANSA, NA KAULI NILIYOTOLEWA GHALANI KWENU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe, wala usiishushe kwa idara ya huduma kwa wateja, kwa kuwa idara hiyo imekwisha kunijibu mara tatu kwamba suala langu linafanyiwa kazi, na kila linapofanyiwa kazi linazidi kuharibika.

Masharti yenu sitayarudia hapa. Mnajua mlichoandika kuhusu mizigo inayovunjika upesi, mnajua kwamba nililipia bima ya thamani yote ya meza, yaani euro 1,450, na picha za meza ikiwa nzima ndani ya kreti mnazo, maana aliyezipiga kule Marseille siku ya kukabidhi ni mtu wenu.

Jumanne nilifika ghalani saa nne asubuhi, ushuru umelipwa na stakabadhi zote ziko mkononi, nikitarajia kuonyeshwa kreti. Sikuonyeshwa kreti. Nilipelekwa katika chumba cha makarani, na hapo katikati ya chumba niliikuta meza yangu ikiwa wazi, juu yake chupa ya chai, vikombe vinne, sahani ya vitumbua na gazeti la michezo. Vigae viwili vya kona ya kulia vilikuwa vimepasuka, na mahali pa kigae cha tatu palikuwa pamepachikwa tailizi nyeupe ya bafuni, imeshikizwa kwa saruji nyeupe iliyochuruzika hadi kwenye fremu ya mwaloni. Nilipouliza kigae changu kiko wapi, karani wenu alicheka, akasema, "Mama, si tailizi tu? Kariakoo zimejaa." Kisha akanisogezea fomu niweke sahihi kwamba nimepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri.

Sikuweka sahihi, na sitaweka.

Kwa kuwa ofisini kwenu inaaminika kwamba kila kigae ni tailizi, nalazimika kueleza. Meza hiyo ni ya miaka ya 1960 na imetoka katika karakana ya Roger Capron, mfinyanzi aliyeanza kazi Vallauris mwaka 1946, katika mji uleule wa wafinyanzi ambao mchoraji Picasso alihamia mwaka 1948, naye akafinyanga huko. Vigae vya meza hizi havikupigwa chapa na mashine. Majani halisi ya mimea yaligandamizwa kwenye udongo ungali mbichi, na baada ya tanuri mishipa ya kila jani ikabaki ndani ya kigae, ndiyo maana huwezi kuviona viwili vinavyofanana hata ukivitafuta kwa darubini. Katika meza yangu kigae kimoja, kile cha kona, kilikuwa na jina la mtengenezaji, na mfanyabiashara yeyote wa vitu vya kale huanza kwa kuinama kulitafuta jina hilo kabla hajataja bei. Hicho ndicho kigae kilichotupwa. Karakana ilifungwa mwaka 1982 na Capron mwenyewe alifariki mwaka 2006, kwa hiyo hakuna wa kunitengenezea kingine, si Kariakoo, si Paris.

Nimeambiwa kwamba waliofungua kreti ni watu wa forodha. Sawa, forodha wana haki ya kukagua, na nilipoishi Ufaransa miaka kumi na moja nilikaguliwa mara nyingi bila kulalamika. Lakini sijapata kusikia kwamba mkaguzi akimaliza kukagua huandaa kifungua kinywa juu ya alichokikagua. Isitoshe, Ijumaa iliyotangulia ofisi yenu ilinipigia simu kunieleza kwamba mzigo umefika mzima, hauna hata mkwaruzo, nije na malipo ya ghala. Nitaueleza umuhimu wa Ijumaa hiyo muda si mrefu, ila kwanza nirudi katika kile chumba, kwa sababu yapo niliyoyaacha kwa heshima na sasa naona heshima hiyo naitumia peke yangu.

Karani wenu hakucheka peke yake. Baada ya kuniambia "si tailizi tu" aliwageukia wenzake watatu akawaambia, "Mama kasafirisha bafu kutoka Ulaya," nao wakacheka wote, mmoja akiwa bado ameshika kitumbua chenye mafuta juu ya vigae vyangu. Nilimwomba aondoe chupa ya chai. Alijimiminia kikombe kingine kwanza, akanywa mpaka nusu, ndipo akaiinua, na chini yake pakabaki duara la maji. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mbili, Ndugu Mkurugenzi, nimesimama mbele ya vijana wanaoweza kuwa wanangu, nimeinama nafuta chai kwa mtandio wangu juu ya meza niliyoidunduliza kwa miaka miwili, nao wanacheka. Hakuna aliyenipa hata kiti.

Aliyeona aibu alikuwa mmoja tu, kijana fundi aliyekuwa mlangoni. Nilipotoka alinifuata hadi getini, akaniomba radhi, akanieleza kwamba Alhamisi ndiyo meza iliangushwa wakati inashushwa, kwamba Jumamosi alipewa shilingi elfu tano azibe pengo "mama asione", na kwamba vipande vya kigae cha zamani aliagizwa avitie kwenye pipa. Sasa rudini kwenye simu ya Ijumaa. Mlikuwa mnajua. Simlaumu kijana huyo, na nikisikia ameadhibiwa kwa kusema kweli, hilo nalo nitaliandika.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba fidia ya bima peke yake. Kwa jinsi nilivyoikumbuka upya siku ile, hainitoshi. Nataka nilipwe euro 1,450 zote. Nataka pia mgharimie mrekebishaji wa kauri nitakayemchagua mimi, atakayeiondoa saruji hiyo bila kuvunja vigae vya jirani na kulishughulikia doa la giza ambalo saruji mbichi huacha kwenye mwaloni. Nataka vipande vya kigae chenye jina vitafutwe, hata kama itabidi pipa limwagwe na kuchambuliwa kwa mikono ya yule karani. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi yake na yako, inayotaja maneno aliyoyasema kama alivyoyasema.

Natoa siku saba tangu barua hii ipokewe. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, pamoja na picha zenu za Marseille na zangu za Jumanne, ambazo nilizipiga kabla chupa ya chai haijaondolewa. Zikipita kumi na nne, atakayewaandikia ni wakili, na madai yake hayatakuwa haya tena.

Katika muda huo meza ibaki hapo ilipo, pasipo kuguswa na fundi yeyote, pasipo kuhesabiwa ada ya ghala hata ya siku moja, na pasipo kikombe cha mtu juu yake.

Wenu,
Mteja ambaye fomu yake bado haina sahihi.

Nakala: Wakili wangu.