Kabla hujakata boneti, jua kwanza injini inavuta hewa kutoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme hili jambo la watu kubadilisha njia ya hewa na boneti za pikapu na SUV zao, manake limekuwa fasheni na kila mwenye gari la juu sasa hivi anataka snokeli, lile bomba la kupandisha mdomo wa hewa mpaka usawa wa paa, anataka ile filta ya koni inayong'aa, anataka boneti yenye mdomo au matundu, na sisi mafundi tunaletewa vitu vimeshanunuliwa tunaambiwa tu funga. Mimi ni fundi, naipenda hii kazi na gari iliyoongezewa vitu vya maana nikiiona nafurahi, kwa hiyo sipingi watu kubadilisha. Ninachopinga ni kuchagua kwa macho. Hewa ina njia yake na joto lake na vumbi lake, ukikosea hapo injini inaumia pole pole na mwenye gari hana habari.

Tuanze na joto. Injini ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo moja ya petroli, na nasema kilo sio lita, kwa sababu hewa ikipata moto inatanuka na uzito wake unapungua. Hewa ya nyuzi joto 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20, nafasi ile ile. Na chini ya boneti gari likiwa kwenye foleni nyuzi 60 wala sio jambo la kushangaza. Sasa mtu anang'oa boksi la filta la kiwandani ambalo lilikuwa linavuta hewa ya nje kupitia kwenye fenda au nyuma ya grili, anaweka koni iko wazi kabisa, jirani na rejeta na bomba la eksozi, alafu anaamini amefunga mfumo wa hewa baridi. Mlio unaongezeka kweli, ukikanyaga inanguruma vizuri, na huo mlio ndio unaowafanya watu waseme gari imepata nguvu. Nguvu haipimwi kwa masikio jamani. Chukua kile kidude cha OBD cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya dashibodi, soma joto la hewa inayoingia ukiwa unatembea barabarani, linganisha na joto la nje. Kama tofauti ni nyuzi 5 mpaka 10 basi njia ya kiwandani inafanya kazi yake na hakuna cha maana utakachopata kwa kuibadilisha. Kama tofauti ni 30, angalia kwanza kama kuna mfereji wa plastiki umevunjika au kuna fundi aliutoa akasahau kuurudisha, hiyo tunaikuta mara nyingi sana.

Wenye dizeli zenye turbo, lile feni la kushindilia hewa ndani ya injini, wao hali yao ni tofauti kidogo, kwa sababu turbo yenyewe inaipandisha hewa joto, ikifanya kazi ngumu inaweza kuvuka nyuzi 100, na kinachookoa ni intakula, lile rejeta dogo la kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kwa hiyo mwenye dizeli akija na hela yake ya kuboresha hewa mimi nitamwambia tuanze na intakula na mahozi yake, tuangalie kama yanavuja, tuangalie kama mapezi yamejaa matope, ndio tuje kwenye filta.

Kuna na hii imani ya kwamba mdomo ukiangalia mbele basi hewa inasukumwa kwa nguvu ndani ya injini. Hesabu yake ni rahisi tu. Kwenye spidi ya kilomita 100 kwa saa, msukumo wa upepo unaopiga mbele ya gari ni kama paskali 460, na presha ya hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kama paskali 101,000. Yaani haifiki hata nusu ya asilimia moja. Mdomo wa mbele una faida yake ya kuchota hewa ya nje isiyo na joto la injini, hilo sawa, lakini anayekuuzia kwa kukuambia ni kama kufunga turbo ya bure anakudanganya.

Kwenye vumbi ndio naumia zaidi. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma nyingi za injini, zikipita zinasaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na kwenye turbo zinakula ncha za mapanga taratibu mpaka presha inashuka. Filta ya karatasi ya kiwandani inaonekana kitu cha kawaida sana lakini kazi ya kukamata vumbi laini inaiweza. Hizi za pamba za kupaka mafuta zinapitisha hewa kirahisi, na mara nyingi kinachopita kirahisi kinapita na vumbi, alafu mtu akiosha akazidisha mafuta, yale mafuta yanaruka yanaenda kukaa kwenye sensa ya kupima hewa, ile yenye waya mwembamba, sensa inaanza kusoma vibaya na gari inakula mafuta au inakosa nguvu wakati mwenyewe anajua ameboresha. Mtu wa lami tupu anaweza kuishi nayo akiwa makini, ila mtu wa njia za vumbi mimi siwezi kumfungia koni ya wazi na kulala usingizi mzuri.

Kuna kipimo kidogo cha kufanya mwenyewe. Toa bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe kisafi ndani yake. Kikitoka na unga unga wa rangi ya udongo, vumbi linapita, iwe filta ni mbaya au boksi halijakaa sawa au klampu imelegea. Lifute bomba liwe safi, paka grisi nyembamba sana kwenye ukuta wa ndani wa bomba, funga, tembea siku kadhaa kwenye vumbi alafu ufungue tena. Grisi inayokwaruza vidole ukiisugua haina haja ya maelezo mengine. Na jamani msipige filta ya karatasi kwa upepo wa kompresa kwa nguvu, karatasi inapata vitundu ambavyo jicho halivioni. Gari nyingi za dizeli zina kialama kidogo kwenye boksi kinachobadilika rangi filta ikizidiwa, hicho kiaminiwe.

Sasa snokeli. Snokeli nzuri ina faida mbili, inavuta hewa ya juu usawa wa paa ambako vumbi la gari la mbele ni jepesi, na inakupa usalama kwenye maji. Kwa watu wengi faida ya vumbi ndio watakayoiona kila siku, ya maji ni mara moja moja, na kama unatembea kwenye misafara ya vumbi zito unaweza kuweka kile kichwa kinachozungusha hewa kikarusha vumbi nje kabla halijafika kwenye filta, filta itadumu zaidi, ingawa kwenye mwendo mkali kinaibana hewa kidogo. Lakini snokeli ni sawa na kiungo chake kibovu kuliko vyote. Nimefungua gari ambayo bomba la nje lilikuwa limesimama zuri kabisa pembeni ya kioo, ndani ya fenda halikuunganishwa na kitu chochote, hewa ilikuwa inavutwa pale pale chini kama zamani. Nyingine imeunganishwa lakini chini ya boksi la filta kile kimpira cha kutolea maji, kile chenye midomo miwili kama ya bata, kimeachwa vile vile, na gari ikizama hapo ndipo maji yanapoingilia. Hicho lazima kizibwe, na boksi lenyewe lipakwe silikoni kwenye maungio, na kila hozi iwe na klampu ya kukaza sio ya kubana bana.

Na watu wajue kwanini nasisitiza. Maji hayashindiliki. Chukua injini ya dizeli ya silinda nne ya lita 2.8, kila silinda ni kama mililita 700, na kama mshindilio wake ni 16 kwa 1, yaani hewa inabanwa mara 16, basi pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama mililita 47. Vijiko vitatu vya chakula na kidogo. Maji yakizidi hapo pistoni haina pa kwenda, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda au inapasua bloku. Kwa hiyo mwenye snokeli iliyofungwa vibaya yuko hatarini kuliko asiye nayo, kwa sababu asiye nayo ataogopa mto, huyu ataingia akijiamini.

Kuipima ni dakika mbili tu. Washa injini, iache bila kukanyaga, panda juu uzibe mdomo wa snokeli kwa kitu bapa kisichoweza kuvutwa ndani. Injini inatakiwa izimike au ielekee kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kama hakuna kilichotokea, inavuta hewa sehemu nyingine, na hiyo sehemu itavuta maji pia. Usikubali kutoka karakana kabla fundi hajafanya hivyo mbele yako. Alafu umuulize na kuhusu vipumulio vya difu na giaboksi, vile vitundu vya kupitishia hewa, kama havijapandishwa juu kwa mpira basi mafuta ya difu yatachanganyika na maji hata kama injini imepona, na snokeli haizuii altaneta wala nyaya kulowa.

Nije kwenye boneti. Kuna midomo ya kweli na ya mapambo. Hilux ile ya 3.0 D-4D yenye mdomo juu ya boneti, ule mdomo una kazi, unaipelekea upepo intakula iliyolala juu ya injini, hata Forester turbo za zamani ni hivyo hivyo. Ukibandika boneti ya namna hiyo kwenye gari ambayo intakula yake iko mbele nyuma ya grili, umebandika tundu la mvua. Na ukiwa na ya kweli, angalia ule mpira unaozunguka kati ya boneti na intakula, ukichakaa upepo unatawanyika pembeni na intakula haipati kitu.

Wanaotaka matundu ya kutoa joto wanakosea sehemu moja, nayo ni mahali pa kukata. Upepo ukipita juu ya boneti, sehemu ya mbele baada ya ule mpindo wa grili presha inashuka, na kule nyuma chini ya kioo presha inapanda kwa sababu upepo unagonga kioo. Ndio maana watengenezaji wengi wanaweka njia ya hewa ya ndani ya gari pale chini ya kioo, pale upepo unaingia wenyewe. Sasa mtu anainua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa, vile vyuma vya duara vyenye tundu, kwenye bawaba ili joto litoke! Gari ikisimama litatoka kweli maana joto linapanda, lakini ukikimbia hewa inaingia badala ya kutoka, inaongeza presha ndani ya chumba cha injini, na rejeta inapitisha upepo kidogo kuliko mwanzo kwa sababu inategemea kule nyuma yake presha iwe ndogo. Alafu moshi na harufu ya mafuta inaingizwa ndani kwa abiria. Matundu ya kufaa yanakaa nusu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, mapezi yakiangalia nyuma. Ukitaka uhakika kabla ya msumeno, bandika vipande vya uzi kwenye boneti kwa gundi ya karatasi, mtu mwingine aendeshe, wewe uangalie ukiwa gari la pembeni au kwa kamera, uzi unakuonyesha upepo unavyopita.

Kabla ya kukata funua chini ya boneti uone zile mbavu. Zimewekwa makusudi, zinaipa boneti ugumu na zinaisaidia kukunjika katikati ikigongwa ili isije ikaingia kwenye kioo. Kata bati kati ya mbavu, usiziguse zenyewe. Angalia pia nini kipo chini ya tundu, kama ni koili za plagi au boksi la fyuzi weka kibati cha kupokea mvua, na kingo za bati zipakwe rangi siku hiyo hiyo, kutu haisubiri. Boneti ya faiba nyepesi isiyo na kitasa imara iongezewe pini mbili za kufungia, na mdomo usiwe mrefu wa kukuzibia mtoto anayevuka mbele yako, hili silitanii kabisa.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Mnapotoa picha za pikapu na SUV zilizobadilishwa kwenye ukurasa wa magari, tuwekeeni na picha boneti ikiwa imefunguliwa, tuone boksi la filta limeunganishwaje na bomba linaishia wapi, na mwenye gari aseme joto la hewa lilikuwa ngapi kabla na ngapi baada ya kubadilisha.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa magari