Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu Aliyepewa Jibu la 1.6

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba umekutwa na hepesi ya sehemu za siri, kwamba umeshalia vya kutosha, na kwamba sasa unatafuta maneno ya kumuuliza mume wako alikuwa wapi. Nimeitazama picha ya majibu uliyonitumia. Imeandikwa HSV-2 IgG, 1.6, na pembeni neno "chanya". HSV-2 ndicho kirusi ambacho mara nyingi huleta hepesi hiyo. Nakuomba usimuulize lolote la aina hiyo bado. Jina lako sitalitaja, lakini barua hii naiweka wazi kwa sababu karatasi kama yako iko mikononi mwa watu wengi, na wengi wao wanaisoma usiku wakiwa peke yao.

Tuanze na hiyo namba. 1.6 si kiasi cha virusi mwilini, wala si kipimo cha ukali wa ugonjwa. Maabara haikutafuta kirusi chenyewe. Ilitafuta kingamwili za aina ya IgG, yaani alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kukutana na kirusi. Damu yako iliwekwa kwenye kisahani chenye protini ya HSV-2, kisha mashine ikapima rangi iliyojitokeza na kuilinganisha na sampuli ya rejea. Uwiano huo ndio 1.6 yako. Katika vipimo vingi vya aina hii, chini ya 0.9 huandikwa hasi, kati ya 0.9 na 1.09 huitwa jibu lenye utata, na kuanzia 1.1 kwenda juu huandikwa chanya. Kwa hiyo mwenye 1.6 na mwenye 9 wote wanaandikiwa neno moja, ingawa majibu yao hayana uzito sawa hata kidogo.

Hili halijafichwa. Mwongozo wa magonjwa ya zinaa wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unasema vipimo hivi hukosea hasa pale namba inapokuwa chini ya 3.0, na kwamba jibu lithibitishwe kwa njia ya pili kabla ya kulitafsiri. Kabla ya kulitafsiri, mdogo wangu. Wewe ulikabidhiwa karatasi, ukaambiwa "unayo", ukaonyeshwa mlango. Hilo linaniuma kuliko jibu lenyewe.

Kwa nini kipimo kinakosea? Sababu mojawapo ni HSV-1, ndugu wa karibu wa HSV-2, ambaye wengi humpata utotoni na ndiye mara nyingi huleta malengelenge ya mdomoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, karibu wawili katika kila watatu, wanaye. HSV-2 wanaye watu milioni 520 hivi wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Watengenezaji wa vipimo walichagua protini ambayo virusi hawa wawili wanatofautiana zaidi, na kwa sehemu kubwa inafanya kazi. Hata hivyo damu ya mtu mwenye HSV-1 inaweza kutoa rangi kidogo kwenye kisahani cha HSV-2, na rangi hiyo kidogo ndiyo huzaa namba ndogo kama yako.

Sababu nyingine ni hesabu tu, na naomba uifuate kwa utulivu. Wewe hukuwa na kidonda, muwasho wala kipele. Ulipimwa kwa sababu kipimo kilikuwa ndani ya kifurushi cha vipimo. Chukua watu 1,000 wasio na dalili, kati yao 100 wana HSV-2 kweli. Tuseme kipimo kinawakamata wote 100, lakini kinakosea kwa mmoja katika kila kumi wasionayo. Wasionayo ni 900, hivyo 90 wataambiwa wanayo. Karatasi za "chanya" zitakuwa 190, na 90 kati yake si za kweli. Namba hizi nimezitunga ili uone njia, lakini hali halisi haiko mbali: mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilieleza kwamba karibu nusu ya majibu chanya kwa watu wasio na dalili yanaweza kuwa ya uongo, likashauri watu hao wasipimwe hepesi kwa damu. Mwaka 2023 likarudia ushauri huo huo.

Umeniuliza pia kuhusu mstari wa IgM, aina nyingine ya kingamwili, ambao nao umeandikwa chanya. Umesoma mahali kwamba IgM maana yake ni maambukizi mapya, ukahesabu miezi, ukaona hesabu inamwangukia mumeo. Achana na mstari huo kabisa. Kipimo cha IgM hakiwezi kutenganisha HSV-1 na HSV-2 vizuri, na IgM inaweza kuonekana hata kwa mtu aliyeishi na kirusi miaka mingi. CDC inashauri kisitumike. Ningekuwa na uwezo ningekiondoa kwenye kila kifurushi, kwa sababu nyumba zinavunjika kwa ushahidi ambao kitaalamu si ushahidi.

Sikuahidi kwamba huna. 1.6 inaweza pia kuwa mwanzo wa maambukizi ya kweli, kwa kuwa kingamwili huchukua wiki kadhaa kupanda. Ndiyo maana hushauriwa kupima tena baada ya wiki 12 tangu siku unayoihofia. Ila kurudia kipimo kile kile kunaweza kurudia kosa lile lile, kwa hiyo sisitiza njia nyingine. Inayoaminika zaidi inaitwa Western blot, ambayo kwa miaka mingi imefanywa na Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani. Yenyewe huangalia kingamwili dhidi ya protini nyingi za kirusi badala ya moja. Na ikitokea siku umeona kidonda au lengelenge, usisubiri lipone. Nenda mapema likiwa bado bichi, wachukue majimaji kwa usufi na kuyapima kwa PCR. Hicho ndicho kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, ingawa kidonda kilichokwisha kukauka kinaweza kutoa hasi isiyo kweli.

Sasa mume wako. Hata Western blot ikisema unayo, hakuna maabara duniani itakayokuambia uliipata lini au kwa nani. Wengi wenye HSV-2 hawajui kwamba wanayo, kwa sababu dalili zao ni hafifu au hazipo kabisa. Inaweza kuwa ya kabla hamjajuana, kwako au kwake. Na wapo wanandoa wanaoishi miaka mingi, mmoja anayo na mwenzake hana.

Ikithibitishwa, kuna dawa. Asiklova na valasiklova hupunguza vidonda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba valasiklova miligramu 500 kila siku ilipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa kumwambukiza mwenzi. Kondomu nayo husaidia, ingawa haizuii kabisa. HSV-2 huongeza hatari ya kupata VVU, kwa hiyo pima VVU pia. Ukishika mimba, mweleze mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, na kwa mwenye nayo zamani hatari ni ndogo sana.

Rudi pale ulipopimwa, na nakala yako mkononi. Waulize kipimo chao kinaitwaje, wana njia gani ya pili ya kuthibitisha, na kama hawana, sampuli hupelekwa wapi. Mtu akikuambia "chanya ni chanya", mwombe daktari mwingine. Mumeo mwambie kilichopo leo: nilipima, jibu lina utata, nasubiri uthibitisho, tutumie kondomu mpaka hapo. Usiongeze swali la alikuwa wapi. Ukishapangiwa siku ya kutoa damu nitumie tarehe, nitakuja tuingie wote kwa daktari.

Dada yako