Malalamiko kuhusu kubadilishwa kwa ratiba ya safari yetu ya kuzamia Raja Ampat

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya wazamiaji wanane tuliolipia safari ya kuzamia na kulala melini katika visiwa vya Raja Ampat, Indonesia, mwezi Novemba mwaka huu. Tulikwisha kulipa asilimia 40 ya nauli kwa kuitegemea ratiba mliyoiambatanisha na mkataba. Wiki mbili zilizopita mlitutumia ratiba nyingine, bila barua wala maelezo yoyote, kana kwamba ni ileile iliyosahihishwa tahajia. Niliziweka zote mbili mezani, nikazipitia mstari kwa mstari na kalamu ya risasi mkononi, na niliyoyaona ndiyo yaliyonilazimu kuandika barua hii.

Nianze na siku ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika ratiba ya kwanza, mzamio wa mwisho ulikuwa asubuhi ya siku iliyotangulia safari ya ndege, hivyo kati ya kutoka majini na kupanda ndege katika mji wa Sorong tulikuwa na zaidi ya saa 24. Katika ratiba mpya mmeongeza mzamio asubuhi ya siku yenyewe ya kuondoka: tutoke majini saa 1:30 asubuhi, kisha turuke saa 10 jioni. Hizo ni saa 8 na nusu tu. Kila mzamiaji hufundishwa tangu kozi ya kwanza kwamba anayezamia mara nyingi kwa siku kadhaa mfululizo hupaswa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, na viongozi wengi wa wazamiaji huzifanya 24 kwa tahadhari. Nitrojeni iliyoingia mwilini kwa shinikizo la maji haitoki kwa sababu tu mtu amevua fulana ya kuzamia. Ndani ya ndege, shinikizo la hewa linaweza kushuka hadi kulingana na lile la mlima wenye urefu wa mita 2,400 hivi, na hapo nitrojeni iliyobaki huweza kufanya mapovu katika damu na viungo. Nilipopiga simu kuuliza, nilijibiwa kwamba mzamio huo ni wa hiari na kwamba makundi mengine hayajalalamika. Ndugu Meneja, katika kundi letu wamo wawili ambao ndio kwanza wamepata cheti, na kwao lililoandikwa kwenye ratiba ya kampuni ni lililothibitishwa na wajuzi. Kuliita la hiari ni kumtwika mgeni uamuzi ambao mlipaswa kuufanya ninyi.

Hatari hiyo inaongezwa na badiliko jingine mliloliandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa tatu. Mkataba ulisema naitroksi ya asilimia 32, yaani hewa ya kupumulia majini iliyoongezwa oksijeni hadi kiwango hicho, imo ndani ya nauli. Sasa imeandikwa kwamba itatolewa "ikipatikana". Hatukuiomba kwa anasa. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 79 ya nitrojeni, ilhali mchanganyiko huo una 68, na tofauti hiyo huonekana mwilini mwa mtu anayezamia mara tatu hadi nne kwa siku kwa muda wa siku tisa. Sisi tulikwisha kupanga vina vyetu kwa kuufuata, tukijua kwamba kwa mchanganyiko huo hatupaswi kupita mita 33 hivi. Kama mashine yenu ya kuchanganya imeharibika, semeni imeharibika, nasi tutapanga upya kwa kupunguza idadi ya mizamio. Tusichoweza kukipangia ni neno "ikipatikana".

Kuhusu oksijeni ya dharura, niliuliza kwa maandishi mna kiasi gani melini, nikajibiwa kwa sentensi moja: "Mtungi upo." Naomba mnisaidie kupiga hesabu. Mgonjwa wa mapovu ya nitrojeni huweza kuhitaji oksijeni halisi kwa kiasi cha lita 15 kwa dakika. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bari 200 hubeba lita 2,000, ambazo kwa kasi hiyo zitakwisha baada ya saa 2 na dakika 13. Meli ikiwa kwenye visiwa vya Wayag, kaskazini kabisa ya safari yetu, karibu na mstari wa Ikweta, mgonjwa atapumua nini baada ya hapo, ilhali Sorong bado iko mbali? Na kama watakuwa wawili? Visiwa vya Raja Ampat ni zaidi ya 1,500, vingi havina hata nyumba, na upweke huo ndio mnaoutangaza kwa picha nzuri katika matangazo yenu. Tunaupenda upweke huo, ndiyo maana tumelipa. Lakini aliye mbali na hospitali hutegemea kilichopakiwa bandarini, wala hakuna duka la kukimbilia.

Kuna jambo jingine, nalo nililiona kwa bahati katika picha mliyonitumia nilipoomba kuona vyumba vya kulala. Pembeni ya picha panaonekana ngazi ya kutokea vyumba vya chini, na kwenye kidato chake cha kwanza kuna waya wa soketi nyingi uliochomekwa tochi tano na betri za kamera, zote taa nyekundu zikiwaka, na taulo limening'inia juu yake. Niliikuza picha hiyo mara kadhaa nikitafuta kitambua moshi kwenye dari, sikukiona. Nikatafuta mlango wa pili wa kutokea, sikuuona pia. Tarehe 2 Septemba 2019, meli ya wazamiaji iitwayo Conception iliwaka moto usiku ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa akizunguka usiku. Siwatuhumu kuwa meli yenu iko hivyo. Ninauliza nani hukaa macho abiria wanapolala, anazunguka kutoka omo hadi tezi kila baada ya muda gani, na betri huchajiwa wapi. Maswali hayo niliyatuma mara mbili, na mara zote mbili nilitumiwa orodha ya vyakula.

Yaliyobaki nitayasema kwa ufupi. Mmesogeza tarehe ya kuondoka kwa siku 7. Tulikuwa tumeichagua ya kwanza makusudi ili siku za Mlangobahari wa Dampier ziangukie maji mafu, mikondo inapopungua nguvu, kwa kuwa mikondo ya pale ni mikali na wageni wetu wawili bado wanajifunza kujizuia kwenye mwamba. Tarehe mpya inatupeleka pale mwezi ukiwa mpevu, wakati wa bamvua. Vilevile mmeondoa kisiwa cha Misool chote na usiku mmoja wa safari, bila kupunguza nauli. Misool ndiyo iliyotuvuta. Mmoja wetu ameweka akiba miaka sita ili akaone mlima ulio chini ya bahari kule, ambako samaki wakubwa aina ya taa manta, wa miambani na wale wakubwa wa bahari kuu huja kusafishwa na samaki wadogo. Sijapata ujasiri wa kumwambia.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo yatekelezwe ndani ya siku 14 tangu mpokeapo barua hii. Kwanza, mzamio wa asubuhi ya kuondoka ufutwe kwa kila kundi, si kwetu pekee, na ratiba ioneshe saa 24 kabla ya ndege. Pili, tupewe kwa maandishi idadi na ujazo wa mitungi ya oksijeni, jina la kituo chenye chumba cha shinikizo cha kutibu wagonjwa wa mapovu ya nitrojeni ambacho mmekubaliana nacho kupokea wagonjwa, na utaratibu wa zamu ya usiku uliotiwa saini na nahodha. Tatu, tarehe na njia zirudi kama zilivyo katika mkataba. Ikiwa hilo haliwezekani, turudishiwe malipo yetu ya awali yote bila makato, kwa kuwa mliobadilisha ni ninyi.

Mkitujibu kwa ukamilifu tutapanda meli yenu kwa furaha, kwa sababu mabaharia wenu wanasifiwa na tuliozungumza nao, na hatuna nia ya kumharibia mtu riziki yake. Nimeambatisha ratiba zote mbili, nikiwa nimepigia mstari kila palipobadilishwa, pamoja na ile picha ya ngazi.

Wako mwaminifu,

Kiongozi wa kundi, kwa niaba ya wazamiaji wanane