Kabla ya kutuuzia DDNS, tuambieni IP ni ya nani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo lililonitoa jasho miezi miwili, huenda likamwokoa mwenzangu anayetaka kufunga kamera dukani au shambani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nakaa Chumbageni, Tanga mjini, na kuku wangu wako Pongwe. Huko nina kiofisi, na humo kuna mashine ya kutotolesha ya mayai 528. Mashine hiyo haitaki mzaha. Joto liwe nyuzi 37.5 hivi; likifika 40 likakaa huko, vifaranga wanafia ndani ya ganda. Kwa hiyo kamera moja kati ya nne nilizofunga inatazama zile tarakimu nyekundu za joto tu, usiku na mchana.

Fundi aliyezifunga aliniwekea na DDNS kwenye ruta, ili nizitazame kamera kwa simu nikiwa mjini, akanieleza vizuri kabisa. IP, yaani namba ya anwani tunayopewa na kampuni ya intaneti, haikai. Umeme ukikatika na kurudi, unaweza kukuta umepewa nyingine. Ni kama mpangaji anayehamahama, na DDNS ni Mangi wa duka la kona: muulize jina la mtu, atakuambia siku hizi anakaa wapi. Kila IP inapobadilika, ruta yenyewe inapeleka taarifa, jina linabaki lilelile. Kuiweka si kazi kubwa: unaingia ukurasa wa ruta, unachagua huduma, unajaza jina na nywila, unahifadhi. Nyingine ni za bure, kama DuckDNS. No-IP nayo ina ya bure, ila kila siku 30 lazima uthibitishe kwamba bado unaitumia.

Nikiwa Pongwe kwenye Wi-Fi, picha safi. Nikifika mjini, giza. Fundi alirudi mara tatu, kila mara kwa nauli yangu. Akabadili jina, akabadili poti (vile vimilango vyenye namba ndani ya ruta), mwishowe akasema ruta ni mbovu. Nikanunua nyingine kwa shilingi 95,000. Giza lilelile.

Pasaka akaja mpwa wangu anayesoma chuo. Hakugusa waya hata mmoja. Alifungua ukurasa wa ruta, akaninyooshea kidole kwenye mstari ulioandikwa WAN, yaani IP ambayo ruta imepewa na kampuni: namba ilianza na 100.72. Kisha akafungua tovuti inayokuonyesha IP yako jinsi inavyoonekana kutoka nje: ikaanza na 197. "Mjomba, hizi zilitakiwa ziwe namba moja," akasema. "Hii ya 100 ni ya ndani ya kampuni. Ile ya 197 mnaichangia na wateja wengine, sijui wangapi."

Kumbe namba za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. DDNS yangu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inawaelekeza watu mpaka geti la jengo, na funguo za geti anazo mwenye jengo, yaani kampuni. Poti nilizofungua kwenye ruta yangu zilikuwa milango ya chumbani.

Siwalaumu watu wa kampuni kwa kutufanya tuchangie IP moja. IP za mtindo wa zamani hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia liliishiwa Februari 2011. Nalaumu ukimya. Niliwapigia simu mara nne, na mara zote nne niliambiwa, "Baba, zima ruta halafu uwashe." Mara ya tano nikampata kijana muungwana aliyeniambia kwamba IP ya peke yangu ipo, kwa nyongeza ya kila mwezi. Mbona siku ya kusaini mkataba hakuna aliyelitaja? Wapo watakaosema ningetumia tu programu ya watengenezaji wa kamera. Niliijaribu. Picha za kwangu zinazungushwa kwenye seva za watu nisiowajua, sikupenda.

Ombi langu kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni mstari mmoja tu kwenye fomu ya kila mteja: je, ruta hii itapata IP ya peke yake au ya kuchangia? Mafundi nao waangalie ule mstari wa WAN kabla ya kupokea hela ya mtu.

Na hapo kwa mafundi nina jingine. IP ya peke yangu ilipopatikana, mpwa alikataa kufungua chochote kwanza, kwa sababu DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, ilikuwa bado na nywila ya kiwandani. Oktoba 2016, kamera na DVR za namna hiyo zilitekwa kwa maelfu na virusi vya Mirai, zikaiangusha Dyn, kampuni ambayo jina lake lilitokana na hiyo hiyo DDNS. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Mpwa alibadili nywila, akaweka VPN, njia ya faragha ya kuingilia, kwenye ruta, na jina langu la DDNS sasa linaelekeza huko. DVR haionekani kutoka nje.

Naandika saa nne usiku nikiwa Chumbageni, na simu inasoma 37.6. Ruta inayofanya kazi hii yote ni ile ya kwanza, niliyoambiwa mbovu. Ya pili imo kwenye boksi lake, na dukani wamekataa kuipokea tena.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga