Malalamiko: ndoo 6 za vanila zilizoyeyuka mkazigandisha tena

Kwa meneja wa mauzo,

Salaam. Mimi nina duka huku Likoni, nauzia watoto wa shule aiskrimu za koni, mwaka wa tatu huu nachukua mzigo kwenu. Jumanne mliniletea ndoo 6 za vanila na nataka mje mzichukue mnirudishie pesa zangu shilingi 9,600, maana zilishayeyuka kabla hazijanifikia zikagandishwa tena, na kijana wenu wa depo nilipompigia akanijibu eti "mama hiyo ni friza yako".

Friza yangu haina shida. Nimeweka kipimajoto ndani kinasoma -18 asubuhi na jioni, stima haikupotea wiki nzima, na aiskrimu ya chokoleti mliyoniletea mwezi uliopita iko mumo humo, imeganda na ni laini mdomoni vizuri tu. Halafu angalieni zile picha nilizowatumia. Nimefungua ndoo, aiskrimu imeganda mshazari, upande mmoja inakaribia kifuniko upande wa pili imeshuka vidole vitatu, na ukingoni maziwa yamekaukia. Friza yangu ni ile ya kufungulia juu, ndoo zinakaa wima, humo kitu kitagandaje mshazari? Iliganda ikiwa imeinama, na ilipoinamia mnapajua nyinyi. Dereva mwenyewe aliniambia walikaa sana foleni ya feri na injini akaizima.

Nyinyi ndio mafundi wa hii kazi, mwajua aiskrimu inagandishwa haraka huku ikikorogwa ili chembe za barafu zibaki ndogo ulimi usizihisi, na hewa iingie, hewa ambayo pengine ni karibu nusu ya ndoo. Ikiyeyuka hewa inatoka, ndo maana zote 6 zimepungua, na ikirudi kuganda polepole bila kukorogwa zile chembe zinakua kubwa. Tena si lazima iwe uji ndio iharibike, sukari haiachi maji yote yagande, hata kwenye -10 ukiishika waona ngumu lakini ndani kuna maji bado, baridi ikipanda na kushuka barafu inazidi kukua tu.

Mtoto mmoja wa darasa la pili alilamba mara mbili akanirudishia koni, akasema ina mchanga. Nikampa shilingi 30 zake nikafunga ndoo, sijauza tena. Na baridi haiui vijidudu jamani, inavilaza tu, kama ilikaa uji masaa kwenye joto hili la Mombasa vilishazaana, na wanaokula ni watoto wa watu, siwezi.

Naomba pia gari liwekwe kipimajoto cha kurekodi safari nzima, na dereva akifika feri asizime mashine ya baridi.

Ndoo nimezitenga upande wa kushoto wa friza. Ijumaa nafunga saa sita kwa ajili ya swala, gari lije kabla ya hapo, na dereva aje na pesa au resiti ya kurudishiwa, si ahadi.