Shukrani kwa dada wa maktabani

Dada uliyeketi nami maktabani, jina lako sikuliuliza, asante sana. Nilikuwa nimeshajaza fomu ya kuchagua masomo: biokemia (kemia ya viumbe hai) na kemia ya fizikia muhula mmoja, kemia ogania, ile ya misombo ya kaboni, nikiiacha hadi mwisho. Ukavuta kiti, ukaomba penseli, ukachora mishale: kemia ya jumla, ogania ya kwanza na ya pili, ndipo biokemia. Kemia ya fizikia ukaizungushia duara, ukauliza kuhusu hisabati inayohitajika humo, “Kalkulasi umeshamaliza?” Nikajibu bado. Kisha ukanichorea asidi amino mbili, vijenzi vya protini, zikiungana, molekuli ya maji ikitoka, ukasema bila ogania ningeishia kukariri tu. Saa nzima ulinipa, na vitabu vyako viko wazi mezani! Mliotangulia, mkimwona mwenzenu ameduwaa na fomu, vuteni kiti.